Hesabu Isiyofunga: Wiki Sita Ndani ya NASA Exoplanet Archive

Nilivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za ofisini, ngazi nilizozipanda na kuzishuka miaka kumi na tisa bila hata kujikwaa. Daktari akanifunga hogo, akasema wiki sita, na asisikie nimetembea. Mimi ni mhasibu. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimeshapanga risiti zote za nyumbani kwa tarehe, kisha kwa kiasi, kisha (naona aibu kulisema) kwa ukubwa wa karatasi. Ndipo mdogo wangu, anayefundisha fizikia na ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kunichokoza, akanitumia kiungo na ujumbe wa mstari mmoja: "Dada, hebu kagua vitabu vya hawa."

"Hawa" ni NASA Exoplanet Archive, hifadhi ya taarifa za sayari zinazozunguka nyota nyingine, inayotunzwa Caltech kwa niaba ya NASA. Inapatikana bure, na kusoma majedwali yake hakuhitaji kujisajili. Nilikaa nayo mwezi mmoja na nusu, laptopu tumboni, mguu juu ya mito miwili. Maoni yangu ni ya mtu aliyeingia akijua nyota ni taa za usiku na kutoka akiwa amebishana na mdogo wake hadi saa saba za usiku kuhusu pembe ya mzunguko.

Nianze na nilichotarajia. Nilitarajia picha: tufe la bluu hapa, tufe jekundu lenye pete pale. Picha za namna hiyo zimejaa kwenye habari, na karibu zote ni michoro ya wasanii. Ndani ya hifadhi yenyewe nilikuta jedwali. Mstari mmoja kwa kila sayari kwa kila utafiti, safu kadhaa wa kadhaa, na pembeni mwa kila kipimo safu mbili ndogo zinazosema kipimo hicho kinaweza kukosea kwenda juu kwa kiasi gani na kwenda chini kwa kiasi gani. Nikajisikia nyumbani. Miaka yote hii nimewadai watu waniambie hawana uhakika kwa kiasi gani, na jibu huwa ni "kama hivyo hivyo tu." Hapa kuna watu wanaoliandika shaka lao kwa tarakimu, kwenye safu yake, bila kuombwa.

Sayari zilizothibitishwa humo zilipita 6,000 mwezi Septemba 2025. Takriban robo tatu zilipatikana kwa kuangalia nyota ikififia kidogo sayari inapokatiza mbele yake. Mimi niliziacha hizo. Ukichuja jedwali kwa njia ya ugunduzi na kuchagua kasi ya nyota, unabaki na sayari zaidi ya elfu moja ambazo, nyingi zake, hakuna aliyeziona wala kuuona mwanga wala kivuli chake. Zinajulikana kwa sababu nyota yake inayumba.

Hilo ndilo lililonikamata. Kazini, mtu akikuibia kwa ustadi huoni wizi. Unaona salio lisilolingana na taarifa ya benki, na ukiona halilingani kwa mpangilio uleule kila mwezi, unajua kuna mkono. Nyota na sayari ni hivyo hivyo. Tunasema sayari huzunguka nyota, lakini kwa kweli zote mbili huzunguka kituo kimoja cha uzito kilicho kati yao. Kwa kuwa nyota ni nzito mno, kituo hicho kiko karibu nayo sana, mara nyingi ndani yake, kwa hiyo nyota inachora duara dogo wakati sayari inachora kubwa. Mshtarii inaisukasuka Jua kwa kasi ya mita 12.5 kwa sekunde, karibu sawa na Usain Bolt akiwa kwenye kilele cha mbio zake, na inachukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko mmoja. Dunia yetu, pamoja na bahari, milima na madeni yote yaliyomo, inaisogeza Jua kwa sentimita 9 kwa sekunde. Kobe asiye na haraka.

Unapimaje kasi hiyo kwa kitu kilicho mbali hivyo? Mwanga wa nyota ukitawanywa kama upinde wa mvua unaonyesha maelfu ya mistari myeusi myembamba, alama za chuma, kalisi, sodiamu na elementi nyingine. Nyota ikija kwetu, mistari yote husogea kidogo upande wa bluu. Ikienda, husogea upande wa wekundu. Wazo la kuwinda sayari kwa njia hii lilitolewa na mwanaastronomia Otto Struve mwaka 1952, na likakaa rafuni kwa zaidi ya miaka arobaini. Sababu ya kukaa rafuni utaielewa ukilishika faili mwenyewe.

Na hapa ndipo huduma hii inaponipendeza kuliko tovuti zote nyingine za anga nilizopitia nikiwa kitandani. Kwa nyota nyingi zilizopimwa miaka ya mwanzo, haikupi hukumu tu. Inakupa vocha. Nenda kwenye ukurasa wa nyota 51 Pegasi, utakuta vipimo vyenyewe vya kasi, mstari kwa mstari: wakati, kasi, kosa. Nilipakua faili lililotokana na vipimo vya Lick Observatory, California. Lina vipimo zaidi ya 200. Ni maandishi matupu, mistari ya mwanzo ikianza na alama ya \ na vichwa vya safu vikitenganishwa kwa alama ya |, kwa hiyo lahajedwali yangu ililimeza vibaya mara mbili, mpaka nilipoiambia igawe safu kwa upana. Dakika ishirini hivi.

Safu ya wakati haina tarehe za kawaida. Wanaastronomia huhesabu siku moja moja, mfululizo, tangu mwaka 4713 kabla ya Kristo, bila miezi na bila mwaka mrefu. Mwanzoni nikaona ni mbwembwe. Baada ya miaka yote ya kupigana na tarehe ambazo programu moja huzisoma siku kwanza na nyingine mwezi kwanza, nikabadili mawazo. Kipimo cha kwanza kina namba inayoanza na 2450002. Nikageuza: usiku wa tarehe 11 Oktoba 1995 kwa saa za California.

Nilipoitazama tarehe hiyo nikasimamisha kazi. Tarehe 6 Oktoba 1995, kwenye mkutano mjini Florence, Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza kwamba 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi, ina sayari. Walikuwa wameipima kwa chombo kiitwacho ELODIE kwenye darubini ya mita 1.93 ya Haute-Provence, Ufaransa. Siku tano baadaye Geoff Marcy na Paul Butler walikuwa Lick, darubini imeelekezwa kwenye nyota ileile, wanakagua hesabu za wenzao. Mstari wa kwanza wa faili nililokuwa nimelipakua kwa kubofya mara moja ulikuwa mwanzo wa ukaguzi huo. Mayor na Queloz walipata Nobel mwaka 2019. Mimi, kwa kazi yangu, moyo ulinienda kwa wakaguzi.

Ukiichora kasi dhidi ya wakati huoni kitu. Madoa yamemwagika kati ya mita 60 hivi chini ya sifuri na 60 hivi juu yake, kama mtu kamwaga dengu mezani. Sifuri yenyewe, kumbuka, si nyota iliyosimama. Ni mahali pa kulinganishia tu. Njia ya Lick ilikuwa kupitisha mwanga wa nyota kwenye kichupa chenye mvuke wa iodini, na mistari ya iodini ikawa rula iliyochapwa juu ya mistari ya nyota. Rula hiyo inakwambia nyota imebadilika kiasi gani kutoka jana. Haikwambii inaelekea wapi kwa ujumla. Salio la mwanzo halimo, mabadiliko yamo. Nimefanya kazi na vitabu vibaya kuliko hivyo.

Ili dengu zigeuke kuwa wimbi unahitaji kujua kipindi. Ukishakikisia, unagawanya kila tarehe kwa kipindi hicho na kubakiza baki tu, kwa ile fomula ya MOD ambayo kila mhasibu anaijua. Kipindi kikiwa sahihi, madoa yote hujipanga kwenye wimbi moja. Kikiwa si sahihi, dengu zinabaki dengu. Nilianza kujaribu kuanzia siku moja nikipanda polepole, na nilipofika siku 1.31 wimbi likatokea! Lilikuwa na manyoya pembeni, lakini lilikuwa wimbi. Nikampigia mdogo wangu simu nikiwa najivuna.

Akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa ile sauti anayoitumia kwa wanafunzi: "Dada, darubini hiyo huwa inafunguliwa saa ngapi?"

Usiku. Kila siku, usiku. Nikamkatia simu na kurudi kwenye lahajedwali, nikapita siku mbili, tatu, nne, na kwenye 4.23 manyoya yakaanguka yote. Wimbi safi, kilele mita 56 hivi kwa sekunde, bonde vivyo hivyo. Hiyo ni kama kilomita 200 kwa saa, nyota nzima, mbele na nyuma, kila siku nne na robo. Zile siku 1.31 zilikuwa kivuli cha 4.23 kilichotengenezwa na mazoea yetu wenyewe ya kutazama mara moja kwa siku. Kivuli hicho nitakirudia, kwa sababu kimewahi kuwapotosha watu wenye akili kuliko mimi.

Kutoka hapo uzito wa sayari ni hesabu ya mstari mmoja: kasi, kipindi, na uzito wa nyota. Niliweka uzito wa nyota mara 1.1 wa Jua nikapata sayari yenye uzito wa Mshtarii mara 0.47 au 0.48. Nikaweka uzito sawa na wa Jua nikapata 0.45. Yaani sayari hupungua au kuongezeka kwa sababu ya mashaka juu ya nyota, bila yenyewe kuguswa. Umbali kati yao unatoka kilomita milioni 8 hivi. Zebaki iko kilomita milioni 58 kutoka kwa Jua. Nusu ya Mshtarii, imesogezwa mpaka karibu kuungua: mwaka 1995 hakuna aliyekuwa akitafuta kitu cha namna hiyo kwa siku nne, na ndiyo maana wengine waliokuwa na vyombo vizuri hawakukipata. Walikuwa wanasubiri mizunguko ya miaka kumi.

Uongo gani unaondolewa kabla namba hizo hazijaingia kwenye faili? Mkubwa kuliko wote ni sisi. Dunia inakimbia kuzunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, zaidi ya mara 500 ya mtikisiko tunaoutafuta, halafu inajizungusha yenyewe juu ya hapo. Yote hayo lazima yatolewe, kama gharama za msafiri zinavyotolewa kabla ya kujua faida. Mwaka 1991 timu ya Andrew Lyne ilitangaza sayari kwenye pulsa, nyota mfu inayopiga mapigo kama saa, ikiwa na kipindi cha miezi sita. Kosa lilikuwa kwenye kutoa mwendo wa Dunia: mzunguko wetu si duara kamili, na hilo halikuhesabiwa sawasawa. Januari 1992 Lyne alisimama mbele ya mkutano wa wanaastronomia Marekani, mahali alipotarajiwa kusifia ugunduzi wake, akasema nimekosea, sayari haipo. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Nimehudhuria vikao vingi vya ukaguzi. Makofi ya namna hiyo sijayasikia.

Kuhusu vyombo sitasema mengi, kwa sababu hifadhi inakuorodheshea tu kilichotumika na kukuacha. HARPS, kilichoko La Silla nchini Chile tangu 2003, hufika mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na ili kufika hapo kimefungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, joto lake likishikiliwa lisibadilike zaidi ya sehemu moja ya mia ya nyuzi. Mtikisiko wa mita moja husogeza mstari wa nyota kwa kama moja ya elfu ya pikseli. ESPRESSO, kilichoko Paranal, kilijengwa kulenga sentimita 10. Mpaka hapo, tatizo kubwa si chombo tena, ni nyota: uso wake unachemka, una madoa, na doa likizunguka na nyota hutengeneza mtikisiko bandia unaofanana sana na wa sayari. Nyota HD 166435 ilionyesha wimbi zuri la siku 3.8, na mwaka 2001 Queloz na wenzake wakaonyesha kuwa ni madoa yake tu.

Sasa safu ninayoipenda kuliko zote. Hifadhi ina safu ya uzito wa sayari, na jirani yake safu inayosema uzito huo ni wa aina gani. Mara nyingi kwa sayari za mtikisiko utakuta imeandikwa kwamba ni uzito uliozidishwa kwa sine (ile ya trigonometria) ya pembe ya mzunguko. Maana yake: tunapima mwendo wa kuja na kwenda tu. Kama mzunguko umelala ubavu kwetu, tunauona wote. Kama umetugeukia uso, nyota inaweza kuwa inasukwa vibaya sana na sisi tusione karibu chochote. Kwa hiyo namba hiyo ni kiwango cha chini. Sayari haiwezi kuwa nyepesi kuliko hapo, ila inaweza kuwa nzito zaidi, na wakati mwingine nzito kupita kiasi.

Mfano: HD 114762. Mwaka 1989, miaka sita kabla ya 51 Pegasi, David Latham na wenzake walitangaza kitu kinachozunguka nyota hiyo kwa siku 84, uzito wa chini mara 11 wa Mshtarii. Waandishi wale walikuwa waangalifu. Hawakuapa kuwa ni sayari. Miaka thelathini baadaye vipimo vya setilaiti ya Gaia, iliyokuwa ikipima nyota ikiyumba kushoto na kulia angani badala ya kuja na kwenda, vilionyesha kwamba mzunguko ule umetugeukia uso karibu kabisa. Kitu chenyewe ni nyota ndogo. Ndiyo maana naisifu safu ile. Nimeona taarifa za fedha ambamo makadirio ya chini yamehamishiwa ukurasa wa mbele kama ukweli kamili, na hakuna safu jirani ya kukuonya.

Onyo moja kwa mgeni. Kuna majedwali mawili makubwa na majina yake yanafanana. Moja lina mstari kwa kila utafiti, hivyo sayari moja inaweza kuwa na mistari mitano inayopishana. Lingine limeunganisha yote kuwa mstari mmoja kwa kila sayari, na pale utafiti mmoja usipotaja kitu, nafasi inajazwa kutoka utafiti mwingine. Hifadhi yenyewe inasema wazi kwamba mstari huo uliounganishwa huenda usikubaliane wenyewe kwa wenyewe. Mimi, kwa haraka zangu, nilichukua kipindi, uzito wa nyota na kasi kutoka jedwali la pili, nikakokotoa uzito wa sayari fulani, ukakataa kulingana na uzito ulioandikwa mstari uleule. Siku nzima nikitafuta kosa langu. Kosa lilikuwa kutosoma maelezo ya juu ya ukurasa, jambo ambalo ningemfokea karani yeyote kwa kulifanya. Kwa hesabu, tumia jedwali la kwanza. La pili ni la kuchora grafu na kuzubaa.

Nirudi kwenye kile kivuli. Mtu anayetaka kuona mbinu hii ikiwa na mikunjo yake yote aende 55 Cancri, nyota iliyo miaka ya nuru 41 kutoka hapa, yenye sayari tano. Ya siku 14.65 ndiyo ilianza kujulikana, mwaka 1996. Ukiiondoa kwenye vipimo, mabaki bado hayafungi, na ndani yake kuna ya miaka mingi. Ondoa hiyo, kuna nyingine. Ni kama kusuluhisha benki: unafuta vocha moja, unatazama kilichobaki, unafuta nyingine. Mwaka 2004 ikatangazwa ndogo kuliko zote, yenye kipindi cha siku 2.8. Ikakaa kwenye majedwali ya dunia nzima kwa miaka sita.

Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky wakasema si siku 2.8. Ni siku 0.7365, saa 17 na dakika 40 hivi.

Fikiria mlinzi anayezunguka jengo kwa saa 17 na dakika 40. Wewe unachungulia dirishani mara moja kwa siku, saa ileile. Kila ukichungulia, amemaliza mzunguko mmoja mzima ambao hukuuona, na kuongeza zaidi kidogo ya theluthi. Wewe unaona ile theluthi tu. Unaandika kwenye daftari: mlinzi mvivu, anachukua siku 2.8. Hesabu zako zote ziko sawa na jibu si sawa. Dawson na Fabrycky walitazama jinsi ratiba ya kupima yenyewe inavyoacha alama, wakaonyesha kwamba alama hizo zinaelekeza kwenye kipindi kifupi. Mwaka uliofuata darubini za angani zilimkuta mlinzi akikatiza mbele ya nyota kila baada ya saa 17 na dakika 40.

Ndani ya hifadhi, mistari ya zamani ya siku 2.8 haikufutwa. Iko palepale, na tarehe ya chapisho lake, ila alama ya kuwa chaguo la sasa imepewa mwingine. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosahihishwa: unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ningeongeza kwamba daftari lenye wino wa kufutia ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Kuna pia alama ya sayari zenye utata, na ukurasa maalumu wa zile zilizoondolewa, pamoja na sababu. Nilisoma ukurasa huo wote kwa usiku mmoja. Ni usomaji mzuri kuliko nilivyotegemea.

Makosa ya aina hii yana historia ndefu. Nyota ya Barnard, miaka ya nuru sita tu kutoka hapa, ilishatangaziwa sayari mwaka 1963 na Peter van de Kamp, aliyepima mtikisiko wake wa kushoto na kulia kwenye sahani za picha za miongo mingi. Mtikisiko ulikuwa wa darubini, iliyokuwa imerekebishwa katikati ya kipindi hicho. Mwaka 2018 ikatangazwa nyingine, ya siku 233, na baada ya miaka mitatu ikaonekana huenda ni nyota yenyewe. Kisha 2024 ESPRESSO ikapata ya siku 3.15, na 2025 vipimo vya chombo kingine, MAROON-X, vikafikisha idadi kuwa nne, zote ndogo kuliko Dunia. Jirani wa karibu zaidi, Proxima Centauri, ana sayari ya siku 11.2 iliyotangazwa 2016, inayomyumbisha kwa mita 1.4 kwa sekunde. Alpha Centauri B ilipewa yake mwaka 2012, ya sentimita 51 kwa sekunde. Mwaka 2015 Vinesh Rajpaul na wenzake walionyesha kwamba wimbi hilo linaweza kuzaliwa na ratiba ya vipimo peke yake. Mlinzi ambaye hakuwepo kabisa.

Kwa upande wa matumizi: majina ya safu ni vifupisho ambavyo mwanzoni vinasomeka kama namba za usajili wa magari. Kipindi cha mzunguko, kwa mfano, ni pl_orbper. Yote ni Kiingereza. Nilijitengenezea kamusi yangu ya safu thelathini kwenye karatasi, nikaibandika ukutani kando ya kitanda. Huduma yao ya periodogramu, inayokutafutia kipindi yenyewe, inapokea hata faili lako, na ingeniokoa saa tano za MOD. Lakini nashauri usianze nayo. Inakupa vilele vingi, na asiyewahi kuona kivuli cha siku 1.31 kwa macho yake atachukua kilele kirefu kuliko vyote na kwenda kulala.

Usianze na 55 Cancri pia. Anza na 51 Pegasi, jioni moja inatosha, na lahajedwali yoyote inatosha. Ukishaipata 4.23, toa wimbi hilo kwenye kila kipimo uone mabaki. Yatakuwa ya mita chache, juu na chini, na utajishika ukiyatafutia sayari ya pili. Mimi nilifanya hivyo kwa siku mbili, mpaka nilipolinganisha mabaki na safu ya makosa ya vipimo.

Hogo limetolewa wiki mbili zilizopita. Nimerudi ofisini, natumia lifti. Faili la 55 Cancri bado liko wazi kwenye laptopu: ya siku 14.65 nimeitoa, ya miaka mingi nimeitoa, ya siku 44 imekubali juzi baada ya kugombana. Zimebaki ya siku 260 na yule mlinzi, na mdogo wangu anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama zimefunga.